Mwalimu wa Picha Nyumbani kwa Tabibu

Mnamo mwaka 1935 walihamia Uganda, wakitokea Kenya walikokuwa wameishi tangu 1929, mtu na mkewe waliokuwa na fani mbili ambazo zama zile wachache walidhani kwamba zina nasaba: mume, Hugh Trowell, alikuwa tabibu, akashika kazi katika hospitali ya Mulago na kuwafundisha wanafunzi wa udaktari, na mke, Margaret Trowell, alikuwa mchoraji aliyesoma katika chuo cha Slade mjini London, kisha akajifunza ualimu wa sanaa kwa Marion Richardson, ambaye jina lake lilikuwa limevuma Uingereza kwa namna yake ya kuwaacha watoto wachore yaliyomo nyoyoni mwao. Mume alishughulika na watoto waliokuwa wakivimba miguu na kubadilika rangi ya nywele kwa maradhi ambayo leo yanaitwa kwashiorkor. Na mke, kuanzia 1937, aliwakusanya wanafunzi wachache barazani kwake akaanza kuwafundisha kuchora. Katika baraza ile ndimo ilimozaliwa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo hata leo inaitwa kwa jina lake, na ambamo walipita akina Gregory Maloba, Sam Ntiro na Elimo Njau, mafundi ambao sifa zao zimeenea Afrika Mashariki nzima.

Naitanguliza nyumba hiyo kwa sababu kijana wa Mbale au wa Jinja aliyejaliwa mkono wa kuchora aghalabu huambiwa na wazee wake kwamba mbele yake zipo riziki mbili tu, ama kuandika vibao vya maduka, ama kuchora machweo ya jua na twiga wa kuwauzia watalii. Na mzazi mwenye tamaa ya kuona mwanawe anaitwa daktari huzikunja karatasi za michoro akazitupa, akamwamuru mtoto ashike kitabu cha biolojia. Ipo njia ya tatu, nayo ni njia ya usomi, ambayo ndani yake kalamu ya kuchorea na kitabu cha biolojia havigombani. Ni njia ya mwanachuoni wa mawasiliano ya taswira, ambaye kazi yake ni kuchunguza jinsi habari za afya zinavyoingia machoni mwa watu, na kuvisanifu vyombo vinavyozibeba, yaani bango, kijitabu, pakiti ya dawa, kibao cha mlangoni na kipimo cha rangi, hata mgonjwa avione, avifahamu na kuvifuata. Watu wa njia hii ni wachache mno kwetu, na haja ya kuwapata ni kubwa kuliko idadi yao.

Nguvu ya picha katika utabibu ilidhihirika Jinja, mwendo wa saa chache kutoka Mbale. Mwaka 1957 Hugh Trowell huyuhuyu alimwita mwenziwe wa Mulago, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, amtazame mtoto mmoja ambaye taya zake zilikuwa zimevimba juu na chini, kulia na kushoto, kwa namna isiyofanana na uvimbe wowote aliopata kuuona. Burkitt hakuwa na jawabu. Wiki chache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja, naye alipotupa macho nje ya dirisha alimwona mama ameketi kwenye majani na mtoto mwenye uso ulioharibika vilevile; akaiacha shughuli aliyokuwa nayo, akatoka kwa haraka kumtazama, na pande zote nne za taya akazikuta zimeshikwa na maradhi yaleyale. Mtu huyu, inafaa isemwe, alikuwa na jicho moja tu, kwani jingine lilipotea kwa ajali ya utotoni kwao Ireland, na alikuwa na ada ya kuwapiga picha wagonjwa wake na kuzihifadhi picha hizo kwa uangalifu.

Makala yake ya kwanza juu ya uvimbe ule ilichapishwa 1958 katika jarida la wapasuaji wa Uingereza. Lakini jarida kama hilo halimfikii daktari wa misheni aliye peke yake katika wilaya ya mbali, na lau lingemfikia asingekuwa na nafasi ya kulisoma baada ya kuwaona wagonjwa wa kutwa. Burkitt alilijua hilo, maana naye alianzia kazi Lira, si Kampala. Kwa hiyo alitengeneza kipeperushi chenye picha za watoto wenye uvimbe, kikapigwa chapa nakala kama 1,200, akazipeleka kwa madaktari wa serikali na wa misheni katika nchi nyingi za Afrika, akiwauliza jambo jepesi kabisa: je, mmepata kuona hivi? Majibu yalipomrudia aliyaweka kwenye ramani ya ukutani, kila jibu na pini yake, na ramani ikabainisha jambo ambalo faili zilikuwa zimelificha, nalo ni kwamba ugonjwa ulikaa katika mkanda wa nchi za joto na mvua unaokatiza Afrika ya kati, na ulizikwepa nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Williams na Nelson, walisafiri kwa motokaa kiasi cha maili 10,000 kuelekea kusini, wakiingia hospitali hata hospitali na picha zao mkononi, ili wauthibitishe ukingo wa mkanda ule. Mwaka huohuo alihutubia London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Anthony Epstein, ambaye mwaka 1964, pamoja na wenzake, alitangaza kwamba darubini ya elektroni imewaonyesha kirusi ndani ya chembe za uvimbe ule; na hicho kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Nimeieleza habari hii kwa urefu kwa kuwa ndani yake mna picha za kamera, mna kipeperushi na mna ramani, na kila kimoja kilifanya kazi ambayo maneno matupu yasingeifanya. Tena vyote vilikuwa vyombo vya bei ndogo. Hata hivyo picha zile zilikuwa na wepesi mmoja: zilitoka kwa daktari zikaenda kwa daktari. Aliyezipiga na aliyezipokea walikuwa wamesoma vitabu vile vile. Uzito unaanza pale picha inapotakiwa kutoka kwa daktari iende kwa mama wa Bududa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambaye ameteremka mlima tangu alfajiri akiwa na mtoto mgongoni, na ambaye hakupata kuingia darasani, au aliingia akatolewa mapema akawalee wadogo zake.

Jambo hili wataalamu walilianza zamani, walakini walilianza vibaya. Katika miaka ya 1960 zilifanywa tafiti kadhaa za kujua kama Mwafrika anaweza kuisoma picha. A. C. Holmes alichapisha 1963 uchunguzi wake wa namna watu wa Kenya walivyofahamu alama za picha, kazi ambayo kwa kweli ilikuwa na manufaa, maana nia yake ilikuwa kusaidia elimu ya afya. Na mwaka 1968 Kilbride na Robbins walieleza habari za Waganda, kwamba waliosoma zaidi walitambua upesi zaidi kitu kilichochorwa kuwa mbali na kilichochorwa kuwa karibu. Ukizisoma tafiti za aina hiyo kwa taamuli unaona kwamba nyingi zilimweka mtazamaji kizimbani, zikamhukumu kuwa hajui kutazama, ilhali mchoraji hakuitwa kutoa ushahidi. Mguu uliokatwa magotini kwa sababu karatasi ilikwisha, mbu aliyechorwa mkubwa kama kuku, mshale unaoelea hewani bila upinde wala mpiga mshale: hivyo vyote ni mapatano ya wachoraji na wasomaji wa nchi fulani, na asiyekuwapo mapatano yalipofanywa hana taksiri akivisoma kama alivyoviona.

Waliokuja baadaye waliligeuza swali. Katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, mwanazuoni wa famasia Ros Dowse alizichukua alama za Marekani zinazotumika kueleza matumizi ya dawa, akazipeleka kwa watu wasiosoma sana, kisha akatengeneza pamoja nao michoro mingine yenye vyombo, nyuso na mikao wanayoijua. Na matokeo yaliyochapishwa kuanzia 2001 yalionyesha kwamba michoro ya kwao ilifahamika zaidi. Viwango vyenyewe vya kupimia vipo na vinajulikana: kile cha Marekani cha alama za usalama kinadai kwamba watu 85 katika kila 100 waulizwao waitambue maana sawasawa, na kile cha kimataifa kinaridhika na 67. Tangazo la afya linaloning'inizwa ukutani bila ya kupimwa kwa mizani yoyote ni kama dawa iliyotolewa bila kujaribiwa, nami sioni kwa nini tuihukumu moja kwa ukali na nyingine tuisamehe.

Chombo cha afya kilichosanifiwa vyema kuliko vingi, kwa maoni yangu, hakina karatasi wala wino mwingi. Ni ufito. Uganda ilipoanza mwaka 2003 mpango wa taifa wa kupambana na kichocho na minyoo, dawa ya kichocho ilitakiwa igawiwe kwa maelfu ya watu wa kando ya Ziwa Viktoria na Mto Nile, na kipimo chake hutegemea uzito wa mwili, miligramu 40 kwa kila kilo. Nani atachukua mizani mwaloni, akaiweka sawa juu ya mchanga, akaisoma, akapiga hesabu ya kugawanya, ilhali watoto 300 wanasukumana nyuma ya mwenzao? Wataalamu walitazama vipimo vya watu wengi wakaona kwamba urefu unaweza kuuwakilisha uzito kwa kadiri isiyo na hatari. Basi ukachukuliwa ufito mrefu ukatiwa alama. Mtoto mwenye urefu wa sentimita 94 hupewa kidonge kimoja; akifika 110 ni kimoja na nusu; 125 ni viwili; 138 ni viwili na nusu; 150 ni vitatu; 160 ni vinne; na mtu wa sentimita 178 na kuendelea humeza vitano. Tarakimu za sentimita hazimshughulishi mgawaji. Yeye humsimamisha mtoto kando ya ufito, huangalia utosi umefikia sehemu gani, na kwenye sehemu hiyo amekuta idadi ya vidonge. Kwenye miteremko ya Mlima Elgon nako, ambako dawa ya usubi iligawiwa na wanakijiji wenyewe kwa miaka mingi, urefu ndio uliofuatwa badala ya uzito, ingawa alama zake ni nyingine.

Utamu wa ufito huu ni kwamba mgonjwa hatakiwi kusoma chochote. Mwili wake mwenyewe ndio unaosomwa, hadharani, na kila mama aliyesimama kwenye foleni anaona kwa macho yake kwa nini mwanawe amepewa viwili na wa jirani vitatu, hata dhana ya upendeleo ikaondoka. Na bado mna kazi ya msanifu. Mtoto aliyesukwa nywele za juu huongezewa sentimita asizokuwa nazo. Mwenye viatu huongezewa pia. Ufito ukisimamishwa penye mteremko na mtoto akasimama upande wa chini, hupunguziwa. Mambo haya hayaonekani kwa mtu aliyeketi ofisini Entebbe au Geneva. Huonekana kwa yule aliyekwenda kusimama mwaloni tangu asubuhi hadi ugawaji ukaisha.

Mahali pengine usanifu umetuletea matata ambayo hakuna aliyeyakusudia. Mhudumu wa afya wa kijiji, katika nchi yetu, huchukua mkanda wa kupimia mkono wa mtoto mdogo, wenye rangi tatu: ukisoma chini ya sentimita 11 na nusu ni nyekundu, na mtoto yuko katika utapiamlo mkali, kati ya hapo na 12 na nusu ni njano, yaani yuko hatarini, zaidi ya hapo ni kijani, mtoto salama. Mhudumu huyohuyo ameshika pakiti za dawa mseto ya malaria, ambazo nazo zimepangwa kwa rangi, lakini humo njano ni ya mtoto mdogo kabisa, yenye vidonge sita, kisha buluu, kisha kahawia, na kijani ni ya mtu mzima, yenye vidonge 24. Kabla ya hapo, kuanzia 2002, serikali iliwagawia wazazi pakiti za Homapak za kutibu homa nyumbani, na humo nyekundu ilikuwa ya mtoto aliye chini ya miaka miwili na kijani ya aliyezidi. Kila mpango, ukiutazama peke yake, umepangika. Lakini mama hauoni peke yake. Yeye anaona mkoba mmoja, mikononi mwa mhudumu mmoja, ambamo njano ni hatari kwenye mkanda na ni umri kwenye pakiti. Kuyakusanya matengenezo yote yanayomfikia mtu mmoja na kuyalinganisha hakukuwekwa katika zamu ya idara yoyote, na kazi kama hiyo ndiyo inayomngoja mwanachuoni ninayemsema.

Je, yupo mtu aliyekwisha kuipita njia hii hapa Uganda, ambaye kijana anaweza kumtazama? Yupo, na ni wa shule ileile iliyoanzia barazani. Lilian Nabulime, mchongaji na mhadhiri wa Makerere, aliyezaliwa 1963, alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, na mwaka 2007 akahitimu shahada ya uzamivu kwa uchunguzi wa jinsi sanaa ya uchongaji inavyoweza kuwa chombo cha mawasiliano katika maisha ya wanawake wenye Ukimwi nchini Uganda. Wakati huo nchi ilikuwa na mazoea marefu ya mawasiliano ya Ukimwi. Tangu 1986 redio ilikuwa ikipiga ngoma ya hadhari kabla ya tangazo. Mabango yalikuwa yamejaa mafuvu na mifupa. Na shirika la TASO, lililoanzishwa 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, ambalo lina kituo chake hapa Mbale pia, lilikuwa limefanya kazi kubwa ya kuwarudishia wagonjwa heshima ambayo mafuvu yale yaliwavua. Bango la kutisha lina aibu hii, kwamba humtazamisha mtu mauti, kisha likamwacha amtazame jirani yake mgonjwa kwa jicho lilelile.

Nabulime aliliacha gogo la mti na chuma alivyovizoea, akashika sabuni. Alikalibu maumbo ya sehemu za siri za mwanamume na mwanamke kwa sabuni inayopenya nuru, na ndani yake akatia vitu vidogo, kama mbegu, ambavyo huonekana kama vivuli. Kwa hiyo mwenye kuishika sabuni anaona kitu kilichojificha ndani ya umbo lisilo na kasoro kwa nje, na kila akiitumia kunawa, umbo linapungua na kilichofichika kinakaribia uso. Sabuni ni ya bei ndogo, ipo katika kila nyumba, mwanamke haoni haya kuishika, na mume akiiona bafuni hana budi kuuliza. Maneno ambayo mke hakuweza kuyaanza, chombo kimeyaanza. Katika makala aliyoitoa 2011 pamoja na mwanajiografia Cheryl McEwan, kazi hiyo imeelezwa na kupimwa kwa njia za kitaalamu: nani alizungumza, alizungumza na nani, na mazungumzo yalifika wapi. Hapo ndipo msanii na mwanachuoni wanapokutana katika mtu mmoja, maana msanii angetosheka na uzuri wa umbo akalipeleka kwenye maonyesho.

Sasa narudi Mbale, mji uliowekwa na Semei Kakungulu mwanzoni mwa karne iliyopita chini ya jabali la Wanale, kwa kuwa naamini hapana mji katika Uganda unaofaa zaidi kwa ilimu hii. Katika foleni moja ya hospitali ya rufaa ya Mbale utasikia Kimasaba cha Wagisu, Kiteso, Kigwere, Kisabei cha waliotoka Kapchorwa, Kiganda cha biashara, Kinubi, na Kiswahili kinachowaunganisha wengi wao sokoni. Na vibao vya milangoni, kama ilivyo katika hospitali nyingi za nchi yetu, vimeandikwa Kiingereza. Kando ya hospitali hiyo Chuo Kikuu cha Busitema kilifungua kitivo chake cha sayansi za afya mwaka 2013. Chuo Kikuu cha Kiislamu kipo mjini tangu 1988. Na ipo hospitali ya watoto ya CURE, ambayo tangu mwanzo wa karne hii inawapasua watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi. Humo ndimo daktari Benjamin Warf alimoikuza namna ya upasuaji inayoyafungulia maji ya ubongo njia kwa darubini nyembamba, na kupunguza yale yanayozalishwa, bila ya kumwachia mtoto mpira kichwani wa kuangaliwa maisha yake yote, na ripoti zake zimesomwa ulimwengu mzima.

Fikirini kazi ya picha iliyomo ndani ya hospitali hiyo moja. Warf na wenzake waligundua kwamba sehemu kubwa ya watoto wale walipata maji ya kichwani baada ya maambukizo ya siku zao za mwanzo duniani. Kwa hiyo habari iliyo ya lazima kuliko zote ni ya kumpelekea mama aliyejifungua kijijini, aijue homa ya kichanga kuwa ni jambo la kwenda hospitali siku ileile. Mama ambaye mwanawe amekwisha kupasuliwa naye anahitaji kuzitambua dalili za kumrudisha haraka: utosi uliojaa, macho yanayotazama chini, kutapika, usingizi usio wa kawaida. Utosi uliojaa unachorwaje? Ukiuchora kwa ubavuni, kichwa kinaonekana kikubwa tu. Ukiuchora kwa juu, wengi hawatatambua kwamba ni kichwa. Labda usichorwe kabisa, bali mama ashikishwe kichwa cha mpira chenye sehemu laini inayojaa na kubonyea, kwani mama huujua utosi wa mwanawe kwa kiganja kabla ya kuujua kwa jicho. Maswali ya namna hii hayana majibu vitabuni.

Hapo pana jambo la adabu nalo. Picha za watoto wenye vichwa vikubwa zimetumika sana ng'ambo kuwasihi watu watoe sadaka, na huenda fedha zilizopatikana zimeokoa roho. Lakini mtoto yule atakuwa, atasoma, na siku moja ataiona picha yake. Mchoraji ana fursa ambayo mpiga picha hana, ya kuonyesha maradhi bila ya kumwonyesha mgonjwa, na mwanachuoni anawajibika kupata idhini, si ya sahihi tu kwenye fomu, bali ya mtu aliyeelezwa kwa lugha yake mahali ambapo uso wake utatokea. Nchini Uganda utafiti wa watu hauanzi mpaka kamati ya maadili imeupitisha na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia limeuandikisha, na mwanafunzi wa sanaa asidhani kwamba sheria hiyo inawahusu wenye sindano peke yao.

Na upo mfano mwingine wa Mbale ambao mgeni hawezi kuukisia. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili Wagisu huwatahiri vijana wao kwa imbalu, na ufunguzi wake hufanywa Mutoto, karibu na mji, mwezi wa Agosti. Zama za Ukimwi zilipoingia, watu wa afya walisisitiza kwamba kisu kimoja kisipite kwa vijana wawili. Mchoraji aliyesomea mbali anaweza kulichora agizo hilo kwa daktari mwenye koti jeupe na meza ya chuma; nalo bango lake litapitwa, maana hakuna anayejiona ndani yake. Akimchora ngariba mwenyewe, amesimama uani penye hadhara, na kijana aliyepakwa unga, na visu vimepangwa kila kimoja na mwenyewe, ngariba ataona kwamba kazi yake imeheshimiwa na kwamba anaombwa jambo moja tu.

Njia ya kuifikia kazi hii haijanyooka. Kijana atasoma shahada ya sanaa, pengine Makerere au Kyambogo, kisha ya uzamili, kisha ya uzamivu, na ngazi za chuo ni zilezile za wote: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Katika kila ngazi ataulizwa makala zake za majarida ni ngapi, na bango lililobandikwa katika zahanati za wilaya tatu, likapimwa, likachorwa upya na kupimwa tena, aghalabu halitahesabiwa kuwa sawa na makala moja. Kitivo cha sanaa kitamwona ameipunguza sanaa kuwa mtumishi. Kitivo cha udaktari kitamwita mwishoni, fedha zikiwa zimebaki kidogo, aje kuipamba ripoti. Nasema kwa moyo mzito kwamba wengi wenye kipawa wamechoka hapo, wakaenda kwenye kampuni za matangazo ya bia na simu, ambako hakuna anayewauliza shahada na mshahara hufika kwa wakati. Vyuo vyetu vikitaka kuwabakiza, havina budi kuihesabu kazi iliyopimwa kuwa ni utafiti, na kumweka mwalimu wa picha katika mkutano wa kwanza wa mradi, pale swali linapotungwa.

Anayetaka kuanza asingojee mkutano huo. Achukue mchoro wowote wa afya ulioko ukutani katika kituo cha karibu, aombe ruhusa ya mkuu wa kituo, akae na watu mmoja mmoja, awafunike maneno yaliyoandikwa chini ya picha, na awaulize kwa upole: mama, unaona nini hapa? Asiulize kama wamefahamu, kwa kuwa mtu mwenye adabu atajibu ndiyo ili asimvunje moyo kijana wa watu. Ayaandike majibu kama yalivyosemwa, kwa lugha ile ile yaliyosemwa. Akishafika mtu wa kumi atakuwa amekwisha kujua ni mstari gani wa mchoro wa kufutwa kwanza, na jioni hiyo aanze kuuchora upya, kisha arudi nao kwenye foleni ya kesho.